Janti Zilizopita Motoni

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika garajini na utepe wa kupimia nguo ukining'inia shingoni. Nilikuwa mshonaji, cherehani yangu ilikuwa imekufa, na jirani alikuwa ameniambia kwamba garaji moja hapa Goma inatafuta mtu wa kutunza depo ya vipuri. Utepe ule sikuuvaa kwa maringo. Nilikuwa nimeuzoea hata nikausahau, kama wengine wanavyosahau miwani usoni.

Aliyenipokea alikuwa Shefu wa Atelie, yaani msimamizi wa mafundi, mzee mwenye sauti ndogo na mikono mikubwa. Hakuniuliza diploma. Alinipeleka nyuma ya jengo akanionyesha lundo la janti, yale machuma ya duara yanayobeba mpira wa gari. Lilikuwa lundo la kunizidi kimo, zenye kutu na zisizo na kutu, za magari ya jipu na za teksi, zimetupwa tu moja juu ya nyingine.

"Mama, mafundi banapoteza siku nzima hapa," aliniambia. "Banajaribu hii, inakataa. Banajaribu ile, inakataa. Weye utazipanga."

"Nizipange namna gani, Shefu?"

"Namna unajua."

Mimi nilijua namna moja tu, kupima. Siku ya kwanza nilizigawa kwa idadi ya matundu: matatu, manne, matano, sita. Siku ya pili nilipima umbali wa tundu na tundu kwa utepe wangu. Shefu alikuja akasimama nyuma yangu muda mrefu.

"Nani alikuonyesha kupima toka katikati ya tundu mpaka katikati ya tundu?"

"Hakuna. Vifungo vya koti vinapimwaka hivyo."

Alitikisa kichwa akaenda zake. Jumatatu iliyofuata nilipewa kombinezo ya kazi, na utepe nikautia mfukoni.

Nieleze jambo hili vizuri, maana vijana wa leo wanasoma namba kwenye simu na hawajui namba inasema nini. Gurudumu hufungwa kwenye kitovu cha gari kwa bulo na ekru. Bulo ndiyo ile nondo fupi iliyochongwa mifuo ya kuzunguka, ekru ndiyo kofia yake inayokazwa. Ukitaka kujua kama janti fulani inaingia kwenye gari fulani, uliza maswali mawili kwanza. Ina matundu mangapi? Na duara linalopita katikati ya matundu hayo lina upana gani? Upana huo mafundi wetu huuita antraksi. Matundu manne na sita hayasumbui, kwa kuwa kila tundu lina mwenzake ng'ambo, unapima moja kwa moja. Matano yana ukaidi, hakuna linalomtazama mwenzake. Hapo unapima kutoka katikati ya kitovu hadi katikati ya tundu, kisha unazidisha kwa mbili.

Magari ya zamani kila moja lilikuwa na tabia yake. Jipu la kale la Waingereza lilikuwa na matundu matano kwenye duara la milimita mia na sitini na tano. Lile la Wajapani lilikuwa na sita, duara la mia na arobaini kasoro kidogo. Kokisineli, kile kigari cha Wajerumani chenye mgongo, cha miaka ya kwanza, kilikuwa na matano kwenye duara la mia mbili na tano, pana kama sahani ya ugali wa wanaume wawili. Na kuna janti zinazotofautiana kwa milimita mbili tu. Hizo ndizo za kuogopa. Zinaingia ukizilazimisha, ekru zinakaa upande, na wewe unajisifu kwamba umepata.

Baada ya hapo bado kuna tundu kubwa la katikati, ambalo lazima likae kwenye kitovu, na kuna mdomo wa ekru. Ekru nyingine zina pua iliyochongoka, nyingine pua ya mviringo. Pua iliyochongoka ukiitia kwenye tundu la pua ya mviringo itakaza vizuri mbele ya macho yako, halafu itakuaga njiani.

Mimi sikuwa na kichwa cha kukariri namba zote hizo, kwa hiyo nilifanya kama ninavyofanya gauni. Nilichukua makatoni ya sabuni, nikakata kielelezo cha kila gari, matundu yake na duara lake, nikaandika jina juu, nikatundika ukutani kwa misumari. Mteja akija, unachukua katoni yake, unaiweka juu ya janti, ukiona chuma ndani ya tundu unarudisha janti mahali pake. Mafundi walicheka wiki nzima. Walisema Mama Kavira anawashonea magari sketi. Wiki ya pili walikuwa wananiomba katoni kwa adabu.

Shefu alinifundisha yaliyobaki. Kwanza futa uso wa kitovu, maana vumbi la mawe yetu ya lava ni kali, likibaki katikati ya chuma na chuma litakula vyote viwili. Anza kila ekru kwa vidole, kamwe usianze kwa kle, yaani spana. Kaza kwa kuruka, moja hapa, nyingine ng'ambo yake, ili janti ikae sawa. Shusha krike, ile jeki, kaza tena gari likiwa limesimama kwa miguu yake. Likitembea kidogo, kaza mara ya tatu. Siku moja nilining'inia juu ya kle kwenye lori la zamani la Wamarekani, ekru inakataa kufunguka, nikavunja bulo mbili. Shefu akaja taratibu akanionyesha herufi iliyochongwa kichwani mwa bulo. Upande wa kushoto wa malori yale, mifuo imechongwa kinyume. Kumbe nilikuwa nakaza tangu asubuhi.

"Bulo ilikuambia, weye haukusikia," alisema. Aibu yake ninayo mpaka leo.

Sasa nifike kwenye lava, kwa sababu somo hili ni la Goma na sidhani kama linafundishwa kwingine. Mlima wetu wa moto uliposhuka mjini, magari mengi yaliungua pale yaliposimama. Mawe yalipopoa, watu walichokoa vyuma na kuviuza, na sikuwalaumu, walikuwa wamepoteza nyumba. Janti ikitoka huko unaipiga brashi, unaipaka rangi, inang'aa. Matundu yake ni sawa, duara lake ni sawa. Lakini Shefu alikuwa akisimama mlangoni na kisu.

"Hii chuma ilishaiva," alikuwa akisema. "Iko laini sasa. Utakaza, ekru itazama. Utakaza tena, itazama tena. Kwaruza mbele ya kupima, mama. Mbele."

Ukikwaruza rangi karibu na tundu la bulo kabla ya kupima, chuma kilichopita motoni hutoa magamba meusi, yanabanduka kama ukoko wa sufuria. Chuma kizima hakitoi kitu. Ni kazi ya dakika moja. Kwa miaka mingi niliifanya bila kuikosa, na kila janti ya magamba tuliikata kwa msumeno ili isimrudie mtu.

Shefu alistaafu akarudi kwao Butembo. Akaja Direkta, mkurugenzi mpya, mtu wa suti na kalamu mbili mfukoni, mwenye kuongea haraka. Simsemi vibaya. Alileta umeme wa uhakika, alileta pampu mpya, na ndiye aliyenipandisha kuwa msimamizi wa magurudumu yote. Mimi nami kichwa kilivimba kidogo. Nilikuwa na makatoni zaidi ya arobaini ukutani na watu walikuwa wakitoka mpaka Rutshuru kuja kuulizia Mama Kavira.

Miongoni mwa wateja wangu alikuwa Papa Muhindo, mwalimu mstaafu, mwenye gari la kale la Wafaransa, milango minne, matundu manne kwenye duara la mia na arobaini. Alilipenda gari lile kupita kiasi. Alilifuta kwa shati lake la zamani la kufundishia, na akiendesha alizima simu, kwa sababu alisema gari halipendi kelele. Binti yake Furaha alikuwa anaolewa na mlinzi wa mbuga kule Rumangabo, na Papa Muhindo alikuwa ameapa kumpeleka mwenyewe kwa gari lake. Janti zake mbili za nyuma zilikuwa zimeliwa na kutu. Aliniletea gari wiki moja kabla ya harusi.

Direkta alikuwa ndiyo kwanza ameleta janti sita za aina ile, zimepakwa rangi ya fedha, nzuri kama sahani za harusi yenyewe. Nilichukua katoni yangu, nikaiweka juu, matundu yakasimama sawasawa. Nikazifunga kwa kuruka, nikakaza mara mbili, nikampigia Papa Muhindo saluti. Sikukwaruza. Sikusahau, nisidanganye. Nilikiona kisu mezani nikaona rangi ilivyo safi, nikajiambia mimi ni Mama Kavira na macho yangu yanatosha.

Jumamosi ya harusi, Papa Muhindo alipita mbele ya garaji akipiga honi, Furaha amekaa nyuma na shela yake, mama yake pembeni. Nilipunga mkono. Kama nusu saa baadaye nilikuwa nafunga janti ya tatu ya lile kundi kwenye teksi. Nikakaza. Ekru ikasimama vizuri. Nikazunguka zile nyingine, nikarudi kwenye ya kwanza, ikazunguka tena. Nikakaza, ikazama. Nikakaza, ikazama.

Nilichukua kisu. Magamba yalimwagika juu ya kiatu changu.

Ilikuwa saa tatu kamili asubuhi, najua kwa sababu redio ya garaji ilikuwa inasoma habari. Nilipiga simu ya Papa Muhindo, imezimwa. Ya mkewe, imezimwa vilevile. Nikaingia kwa Direkta bila kubisha hodi.

"Janti za Papa Muhindo zilipitaka mu lava," nilimwambia. "Zote sita. Niko naenda kumusimamisha."

Direkta alifunga mlango. "Sikiliza, mama. Anaendesha polepole kama padri. Atafika. Akirudi lundi, tutabadilisha kimyakimya. Ukienda kusema ku barabara, mbele ya batu ya harusi, jina ya garaji imekufa."

"Na kama hafike?"

"Atafika."

"Direkta, ule mutu ako na mutoto ndani."

"Nimesema lundi."

Nilitoka nje. Jumatatu, hiyo lundi yake, ilikuwa mbali. Nilihitaji magurudumu mawili ya matundu manne, duara la mia na arobaini, na tundu la katikati la ukoo uleule. Depo haikuwa nayo. Lakini katika yadi ile kulikuwa na gari moja lililokuwa na magurudumu mazima ya aina ile, mipira mipya, janti za kiwandani, nilizozifunga mimi mwenyewe. Lilikuwa gari la Direkta. Naye alikuwa amenunua la kale la Wafaransa, kwa fahari.

Nililiinua kwa krike, nikalitengenezea nguzo za mawe, na mawe Goma hatukosi. Nikayatoa ya nyuma yote mawili. Direkta alikuwa anaongea na simu huku ameupa mgongo dirisha. Nje nikamkuta motari, dereva wa pikipiki, niliyemfahamu, nikamwambia afunge moja mbele juu ya tangi na moja nyuma, mimi nikakaa katikati na krike mapajani na kle mkononi.

"Mama, tunaenda kupigana na nani?" aliniuliza.

"Endesha."

Njia yote nilikuwa natazama kandokando. Nilitazama mitaroni. Tukipita Kibati niliona watu wamekusanyika, nikadhani ndio wao, kumbe ni mnada wa mbuzi. Niliogopa siku ile kuliko siku ya mlima, kwa sababu mlima haukuwa kazi ya mikono yangu. Nilimwona Furaha na shela yake kila kona kabla hatujaifika.

Tuliwakuta Kibumba. Papa Muhindo alikuwa amesimama kando ya barabara kununua kabichi za kupeleka kwa wakwe. Gari lilikuwa zima, limesimama kwa magurudumu manne. Nilishuka kwenye pikipiki, kle bado mkononi.

"Mama Kavira," alisema, na kabichi mkononi. "Weye pia unaenda ku harusi?"

Wauza mboga walikuwa wametuzunguka. Mkewe alikuwa ameshusha kioo. Ningeweza kumvuta pembeni, na nilitamani. Nikasema palepale.

"Papa, nilikufungia janti mubaya. Zilipita ku moto ya lava, miye sikukwaruza. Ni kosa yangu. Tosha batu mu motokari, nibadilishe."

Alinitazama. Kisha akafungua mlango wa nyuma, akamshika Furaha mkono, akamshusha taratibu, asikanyage gauni. Mkewe akashuka mwenyewe. Nilipiga magoti penye gurudumu la nyuma la kushoto. Ekru mbili kati ya nne nilizifungua kwa vidole, bila kle. Matundu yalikuwa yamekuwa mayai. Nilimwonyesha Papa Muhindo, maana gari ni lake na alikuwa na haki ya kuona. Aliingiza kidole chake ndani ya tundu akakizungusha.

"Ulijua lini?" aliniuliza.

"Leo asubui, saa tatu."

Akatazama saa yake ya mkononi. "Sasa ni saa ine na dakika kumi. Ile dakika zote ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa natosha magurudumu ku motokari ya Direkta."

Motari ndiye aliyeanza kucheka, halafu wauza mboga, halafu mama Furaha akaketi kwenye gunia la kabichi akicheka na kulia pamoja. Papa Muhindo hakucheka. Alingoja nikafunga magurudumu yote mawili, nikashusha krike, nikakaza tena. Kisha akafungua mlango wa mbele.

"Ingia," alisema. "Miye nitaendesha, weye utasikiliza."

Niliingia na kombinezo yangu ya mafuta, nikakaa mbali na gauni kadiri nilivyoweza. Kila baada ya kilomita chache alisimamisha, nikashuka nikakaza, nikapanda. Hivyo ndivyo nilivyoingia harusi ya Rumangabo, mbele kabisa, na kle mkononi, na wakwe wakaniamkia wakidhani mimi ni shangazi fulani wa ajabu.

Lundi asubuhi Direkta alikuwa ananingojea kwenye geti.

"Uliacha motokari yangu juu ya mawe."

"Ndiyo, Direkta. Nilichagua yale ya kusimama vizuri."

Hakunifukuza. Hadi leo sijui kwa nini, labda kwa sababu makatoni yalikuwa yangu. Lakini alinihamisha. Nilipelekwa Kibati, kwenye kontena moja kando ya barabara, bila umeme, na hakunipandisha tena kamwe. Janti tatu zilizobaki nilizikata msumeno kabla sijaondoka, pamoja na ile ya teksi na zile mbili za Papa Muhindo. Baadhi ya wateja wa mjini waliposikia hawakurudi, na walikuwa na sababu. Wengine walinifuata Kibati. Nilifanya kazi pale miaka mingi kuliko niliyofanya mjini, na tangu siku ile sikumfungia mtu magurudumu bila kupanda naye gari hadi kilima cha kwanza. Mafundi wengine waliiga. Leo wateja wenyewe ndio wanaodai, wanamwambia fundi: ulifunga, panda.

Vijana wa kazi hii, nyinyi mna vifaa tusivyokuwa navyo. Mna kle inayolia ikifika nguvu iliyotakiwa. Kaza kwa kuruka hata hivyo. Kwaruza hata hivyo. Na siku mtakapokosea, kwa maana mtakosea, mwenye gari atawauliza kile alichoniuliza Papa Muhindo, hata akiwa kimya. Mjiandae kwa swali hilo tu.

Nilistaafu siku moja ambayo sikuwa nimeipanga. Furaha, ambaye sasa ana watoto wanne na jipu la kale la mumewe, alikuwa amekuja nalo Kibati kubadilisha gurudumu la mbele. Nilikaza ekru zote sita, nikainuka, halafu kitu fulani mkononi hakikunipendeza. Nikamwomba fundi mwenzangu ajaribu. Ekru zangu zote zilizunguka, robo nzima. Mkono wangu ulikuwa umeniambia zimekaza, na hazikuwa zimekaza.

Ningeweza kulaumu kle. Fundi mwenzangu, kwa huruma, alikwisha kuanza kuilaumu.

"Furaha," nilisema, "mukono yangu imeisha. Tangu leo, usikubali nikufungie gurudumu."

"Ulijua lini, mama?"

"Sasa hivi."

Alimwachia fundi mwenzangu amalize. Akafungua mlango wa nyuma, akamwonyesha kiti, kwa kuwa aliyefunga ni yeye. Kisha akazunguka, akanifungulia wa mbele, kama baba yake siku ile ya Kibumba.